Aliyeushika Mlango

Tarehe 3 Juni

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Nyumbani ni wazima, mapacha wanazidi kukua na kelele zao. Nakuandikia kwa mkono kama ulivyoagiza. Kwenye simu ulinikatiza, ukasema nisiseme, niandike, maana mtu akisema hupandisha hasira, akiandika hukumbuka. Nimekumbuka, na hasira imebaki palepale.

Unajua mimi ndiye mtunza stoo wa ghala la kuku wa kugandishwa, na chumba kikubwa cha baridi kipo chini yangu. Jumatatu, wenzangu walipokwenda kula, niliingia humo kukagua maboksi yaliyolalamikiwa na mteja. Mlango niliuacha wazi, nikauwekea toroli usijifunge. Nilikuwa nyuma ya rafu ya mwisho niliposikia, pu. Umefungwa.

Sikuogopa mara moja. Ndani kuna kisukumio, ukikibonyeza kitasa kinaachia. Nikakibonyeza, nikasikia kabisa ulimi wa kitasa ukitoka. Mlango haukufunguka. Nikauwekea bega. Ukaenda nje kidogo sana, upana wa ukucha, kisha ukarudi. Dada, hapa soma polepole. Mlango uliokwama haurudi. Unaorudi una mtu nyuma yake.

Niliita mpaka sauti ikakauka. Baadaye nikauacha, nikaenda ukuta wa nyuma unaopakana na chumba cha kufungashia, nikaupiga kwa ndoano ya chuma. Hakuna aliyesikia. Kope zilianza kunatana. Vidole nilivitazama kama vya mtu mwingine. Niliwaza nani atawaambia mapacha, na atawaambia nini.

Ndipo mlango ukafunguliwa, na aliyesimama pale ni Mlingoti. Unamkumbuka, mdogo wake mke wangu, yule mrefu aliyepita mlangoni ameinama siku ya harusi yetu. Kazi hii nilimtafutia mimi. Mlango ulioshinda bega langu yeye aliufungua kwa mkono mmoja, kama mtu anayefungua kabati la vyombo. Akasema, "Shemeji, kumbe ulikuwa humu?" Akanishika vidole akaanza kunisugua. Nikamtazama usoni nikaona anatetemeka kwa hofu. Mtu asiye na kosa anaogopa nini?

Kwamba aliliondoa toroli, amekiri mwenyewe. Anasema mzigo ulifika akalihitaji, akaita, akadhani nimeitika nikiwa nje. Kikulacho ki nguoni mwako, Dada.

Wewe hapo kiwanda cha saruji kazi yako ni kuchunguza ajali. Nifundishe namna ya kumnasa. Meneja yuko upande wangu kabisa. Mke wangu sijamwambia ninamshuku nani.

Wako,
Kitindamimba


Tarehe 9 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako mara ya kwanza kama dada, nikalia. Nikaisoma mara ya pili kama mtu wa kazi yangu, machozi yakakauka, nikaanza kukuna kichwa.

Umeomba nikufundishe kunasa mtu, na hiyo si kazi yangu. Hapa kwetu fundi akianguka kutoka jukwaani, kitu cha kwanza watu wanachotafuta ni jina. Jina likipatikana roho zinatulia, kila mtu anarudi kazini, na jukwaa linabaki lilivyo likimngoja mwingine. Kwa hiyo, kabla hujanipa jina, nipe mlango.

Ulivyoeleza umeeleza vizuri, ila kuna kitu hakimo. Chumba cha namna hiyo lazima kiwe na kengele ndani. Umepiga ukuta kwa ndoano, umeita mpaka sauti ikakauka, na kengele hukuitaja hata kwa neno moja. Ipo? Kama ipo, kwa nini hukuibonyeza? Niambie pia kama mlango huo umewahi kuleta vituko kabla ya siku hiyo. Hata kama mlicheka mkaendelea na kazi, nataka hicho mlichokicheka. Ajali kubwa haiji bila kubisha hodi. Huwa imekwisha kupita mara kadhaa, ikagusa watu begani, watu wakasema ni utani.

Mlango uliporudi, ulisikia nini upande wa pili? Pumzi, kiatu, kikohozi? Na kabla ya Jumatatu hiyo kulikuwa na nini kati yako na Mlingoti? Hilo usinijibu haraka.

Halafu huyo meneja. Mimi mameneja wakiniona wanakumbuka wana safari. Wako amekukumbatia mara moja. Furahi ukitaka. Mimi nimeingia shaka.

Jipake mafuta vidoleni, na glavu usiivue.

Dada yako


Tarehe 14 Juni

Dada,

Shikamoo. Nilikuomba msaada, ukanihoji kama mtuhumiwa.

Haya, nakujibu. Kengele ipo. Sikuifikia, nilikuwa nimechanganyikiwa. Upande wa pili sikusikia kitu, kwani anayekuvizia atakohoa? Mlango watu husema unaringa, basi. Mama Mizani, yule mama mtu mzima anayepima mizigo, huusalimia kabla ya kuuvuta, "Hujambo bwana mkubwa," na wapakiaji wanavunjika mbavu. Huo ni mzaha tu, nawe unauliza ushahidi. Kati yangu na Mlingoti hakukuwa na neno. Nilimpenda kama mdogo wangu wa tumbo moja.

Sasa sikia yaliyotokea. Meneja alituita wote uwanjani, akaniuliza mbele ya watu ninamshuku nani. Nikanyoosha kidole. Mlingoti akabaki ananitazama, kisha akasema taratibu, "Shemeji, kama ningetaka ufe, ningekufungulia?"

Nikamjibu, "Ulifungua ulipodhani yamekwisha."

Hata wanaopenda maneno walitazama chini. Polisi walimchukua, wakamlaza ndani, kisha wakamwachia kwa kukosa ushahidi. Kazi amefukuzwa. Meneja aliniambia faragha kwamba nimelisaidia ghala, na cheo cha usimamizi kikipatikana hatanisahau. Sijui kwa nini hilo lilinikera, lakini lilinikera.

Mke wangu sasa anajua. Hagombi, na afadhali angegomba. Anaandaa chakula, anakiweka mezani, anaondoka. Sitakuficha, Dada: jana aliniletea chai, nikainusa kabla ya kunywa. Nilijidanganya kwamba hakuniona.

Ndugu yako


Tarehe 17 Juni

Wifi,

Salaam. Hali yako sitaiuliza leo, nikiuliza nitakuwa mnafiki.

Niliona bahasha zenu. Ndugu wa damu wakianza kuandikiana kwa mkono wakati simu wanazo, ujue kuna mtu anapikwa. Huyo mnayempika ni wa tumbo moja na mimi.

Nakuandikia kutoka kwa mama. Nipo hapa na mapacha. Sikufukuzwa, wala sikutoroka. Niliondoka mchana kweupe, nikawaaga majirani. Mwanamume niliyemzalia watoto wawili kwa mpigo alinusa chai yangu kama mtu anayekagua mafuta ya taa. Nilisimama mlangoni nikamwona. Nikasema moyoni, huyu kesho tu atawapa mapacha waonje kwanza.

Najua nawe unanishuku. Utasema dada anamtetea mdogo wake. Mimi nawe tangu siku ya harusi hatujaaminiana, ulinitazama vidole kama mtu anayechagua ndizi sokoni. Lakini mume wangu anasema wewe kazini kwako huwa huridhiki na jibu la kwanza. Basi kuna jambo nataka uliulize.

Wiki moja kabla ya hayo, Mlingoti alikuja jikoni kwangu uso umemvimba. Alikuwa amemwambia Baba Mapacha kwamba maboksi yamepangwa mbele ya kengele mle ndani, kutoka chini mpaka juu, na mtu akifungiwa hataifikia. Alimwambia kwa heshima, lakini wapakiaji walikuwepo. Mume wangu akamjibu, "Umeletwa hapa na mimi, leo unanifundisha stoo yangu?" Watu wakacheka. Mdogo wangu akaniomba nimwambie mimi, labda atanisikia. Sikumwambia. Nilitaka tule kwa amani siku hiyo.

Sasa mume wangu anasema ugomvi huo ndio uliomfanya Mlingoti alipize kisasi. Mimi sikusoma sana, lakini nauliza. Mtu anayepanga kukufungia, atahangaika kukukumbusha kengele? Je, ndugu yako amekueleza habari hiyo? Kama amekueleza na bado mnamwandama, basi nyote ni wamoja. Kama hajakueleza, muulize alikuficha kwa nini.

Mdogo wangu siku hizi akibisha hodi mahali kuomba kazi, wanamwambia wamesikia habari zake.

Mama Mapacha


Tarehe 22 Juni

Mdogo wangu,

Mkeo ameniandikia. Usimkasirikie, amefanya kilichokushinda.

Nikuambie kweli, barua yake niliisoma nikitafuta uongo. Nilijua atamtetea ndugu yake, nikawa nampekua kila sentensi. Uongo niliukuta, ila ulikuwa wako. Nilikuuliza habari ya kengele ukasema hukuifikia. Ni kweli, hukuifikia. Nilikuuliza habari ya ugomvi ukasema hapakuwa na neno. Mficha uchi hazai, na wewe umeficha mambo mawili ambayo ni jambo moja.

Iweke barua hii chini sasa hivi, nenda kaondoe maboksi hayo. Usimtume mtu. Ukishamaliza, rudi usome.

Umerudi? Basi sikiliza. Majokofu siyajui, huku kwetu ni matanuru, kwa hiyo nilimtafuta fundi anayeyajua nikamsomea ulivyoandika, kwamba mlango ulienda ukarudi. Alicheka kwa kusikitika. Aliniambia hivi. Mlango wa chumba cha baridi ukiwa wazi, hewa ya joto inaingia. Ukiufunga, hewa ile inapoa ghafla na kunywea, na ikinywea inavuta. Ni kama chupa uliyoifunga na uji wa moto ndani. Baadaye kifuniko kinabana mpaka unaita jirani akusaidie. Ndiyo maana vyumba hivyo vina kitundu cha kupumulia karibu na mlango, chenye waya wa umeme wa kukipasha joto kisizibwe na barafu. Kikiziba, mlango unavutwa kwa ndani, na anayesukuma atakula kiapo kwamba kuna mtu nje. Baada ya muda hewa inapenya kidogo kidogo pembeni mwa mpira, mvuto unaisha, na mtoto anaweza kuufungua kwa mkono mmoja.

Kwa mkono mmoja, mdogo wangu. Hayo ni maneno yako ya barua ya kwanza.

Sisemi ndivyo ilivyo. Mlango wenu sijauona, na ninaweza kukosea kama wewe. Wala sisemi Mlingoti ni malaika. Nasema kitafute kitundu hicho kabla hujatafuta mtu. Mwulize fundi wenu wa majokofu, na umwulize wakati meneja hayupo. Shaka yangu juu ya meneja huyo haijapungua.

Dada yako


Tarehe 24 Juni

Dada,

Barua yako imefika leo. Maboksi hayapo tena mbele ya kengele, lakini hayakuondolewa na mimi. Yalimwangukia Mama Mizani jana.

Nitakuandikia kama ulivyonifundisha, kilichotangulia kitangulie.

Asubuhi aliingia kuchukua boksi la kupimia. Mlango ukafungwa nyuma yake kama unavyofungwa kila siku, maana meneja hataki uachwe wazi. Mimi nilikuwa kwenye meza yangu hapo nje, peke yangu. Nikasikia anabisha. Kitu cha kwanza nilichofanya, Dada, sikukimbilia mlango. Niligeuka kutafuta ni nani. Nilitazama nyuma ya pipa, nikatazama ukumbini. Hapakuwa na mtu.

Ndipo nikashika mpini nikavuta. Mlango ukaja upana wa ukucha, kisha ukarudi ukanivuta mkono. Yeye alikuwa ndani anasukuma, mimi nje navuta, na sote wawili tulikuwa tunashindwa. Katikati yetu hapakuwa na mtu. Nilisimama nikiutazama mkono wangu. Nikamwona Mlingoti uwanjani ananiuliza lile swali lake.

Na bado, sijui utaniwaziaje, kwa kufumba na kufumbua nilidhani Mama Mizani anauvuta kutoka ndani ili anicheke. Mwanamke wa umri wa mama yetu. Ndipo nilipojua ninaumwa, na si vidole.

Nikasikia kishindo. Alikuwa ameuacha mlango akaenda kuitafuta kengele, akajaribu kuyapanda maboksi. Nikachukua mtaimbo nikauchomeka kwenye mpira wa mlango, nikakandamiza. Ulifunguka kwa mvumo mrefu, kama mtu anayeibuka majini. Alikuwa chini ya maboksi, mguu umekaa vibaya. Hospitali wamesema ni nyonga. Tulipokuwa tunamwinua hakulia. Aliuliza tu, "Kengele ile nani aliizika?"

Sikujibu. Akajibu kijana aliyeajiriwa mahali pa Mlingoti, "Sisi tumeikuta hivyo."

Mchana meneja aliniita ofisini. Akafunga mlango, akaniambia nieleze kwamba mama aliteleza kwa sababu ya umri na viatu vyake, na habari ya Mlingoti tuiache ilivyo, maana imekwisha. Alisema kwa upole, kama anayenifanyia hisani. Nikatoka nikamtafuta fundi wa majokofu. Alitazama vidole vyake vya miguu kwanza. Kisha akasema waya wa kitundu uliungua zamani, alitoa taarifa, akaambiwa asubiri matengenezo makubwa. Siku niliyonyoosha kidole uwanjani alikwenda kwa meneja kumkumbusha. Meneja akamwambia usijisumbue, mhalifu amekwisha patikana.

Mhalifu nilimpatia mimi, Dada.

Nyumba iko kimya, kijiko kikianguka nashtuka. Nifanye nini?

Kitindamimba


Tarehe 28 Juni

Mdogo wangu,

Unajua la kufanya, unataka tu nilitamke mimi ili kesho unilaumu. Basi nalitamka. Nenda ofisi ya kazi, omba mkaguzi, mweleze yote. Anza na maboksi. Ukianza na meneja, watakuona unalipiza kisasi, na watakuwa hawajakosea sana.

Najua sasa unataka kumnyonga meneja. Hata mimi. Nilimshuku tangu mwanzo, na ile raha ya kuona nilikuwa sahihi naisikia mpaka sasa. Ndiyo inayonitisha. Wewe ulikuwa na raha hiyohiyo uliponyoosha kidole. Meneja ajibu alichonyamazia, ni haki. Lakini akifukuzwa leo na fundi akabaki anaogopa kusema, na wapakiaji wakabaki wanaucheka mlango, mtakuwa mmepata jina lingine tu.

Wakikuuliza nani alaumiwe, nawe waulize kwa nini watu wengi hivi wanaweza kujua jambo moja na asiwepo wa kulisema.

Mama Mizani mpelekee kitu hospitalini, na swali lake umjibu. Kisha nenda ukweni. Nenda mwenyewe, kwa miguu yako. Usitume mshenga, hii si posa.

Dada yako


Tarehe 11 Julai

Shemeji,

Ulikuja kwa mama, nikatoka kwa mlango wa uani. Mama anasema ulikaa ukanisubiri mpaka chai ikapoa, na kwamba uliinywa hivyohivyo. Sikutoka kwa kiburi. Nilitoka kwa sababu sikujua uso wangu ungefanya nini.

Mkaguzi alinifuata huku. Alinihoji kwa adabu. Ni mtu wa kwanza kuniuliza niliona nini. Wengine wote waliniuliza nilifanya nini. Nilimweleza lile la toroli. Niliita kweli, na nikasikia mtu akiitika. Labda ilikuwa feni. Kama ningeingia kutazama, yote haya yasingekuwepo, na hilo nalala nalo.

Polisi niliwasamehe siku waliyoniachia, wao walikuwa kazini. Kilichoniuma ni kingine. Nilipofungua mlango nikakuona, vidole vyako vilikuwa vigumu kama vijiti. Nilivisugua huku moyo ukinidunda, nikidhani nimemuua mume wa dada yangu kwa kuchukua toroli. Ukaniangalia. Uliona hofu yangu ukaiita hatia. Tangu hapo, kila mtu akinitazama kwa muda mrefu, najiuliza ananiona nani.

Stoo sirudi, hata wakiniita kwa ngoma. Nimepata kazi ya kupakia mbao, mwenyewe hakuuliza habari za nyuma. Unataka kunipa mkono, nasikia. Mkono si kitu. Uliponinyooshea kidole ilikuwa uwanjani mbele ya watu, nao wakaenda nacho majumbani mwao. Kaseme hapohapo ulipokosea. Nitakuja kukusikiliza, kisha nitaondoka.

Mlingoti


Tarehe 2 Agosti

Dada yangu,

Shikamoo. Nimechelewa kukuandikia kwa sababu nilitaka kukupa habari iliyoiva.

Mkaguzi alikaa kwetu siku kadhaa. Alimhoji kila mmoja peke yake. Waya mpya umefungwa, kitundu kinapumua, na mlango sasa nausukuma kwa kidole. Kengele imehamishiwa karibu na mlango, na sakafu mbele yake imechorwa mstari mwekundu, ndani yake pasiwekwe kitu. Wamiliki wamemsimamisha meneja mpaka uchunguzi uishe. Cheo cha usimamizi hakuna anayekitaja, na mimi siulizi.

Mkaguzi alitaka pia kila Ijumaa, kabla ya kazi, tusimame uwanjani na kila mwenye jambo lililotaka kumdhuru aliseme, bila mtu kukemewa. Ijumaa ya kwanza ungetuonea huruma. Tulisimama kama watu wanaongoja kupigwa picha. Kila mmoja alimtazama mwenzake kwa pembe ya jicho. Walidhani ni mtego wa kutafuta wa kufukuza. Walinishuku mimi hasa, na sikuwalaumu. Nani angefungua mdomo mbele ya mtu aliyempeleka shemeji yake polisi?

Ijumaa ya pili Mlingoti alikuja, akasimama pembeni na nguo zake za kazi zina vumbi la mbao. Nikatoka mbele. Nilikuwa nimepanga maneno mengi mazuri, yote yakanikimbia. Nikasema, "Mlingoti hakunifungia. Alinitoa. Na maboksi yaliyoziba kengele niliyaweka mimi, yeye akaniambia, nikamtukana. Mama Mizani yuko hospitali kwa sababu hiyo."

Akanitazama mpaka nikatamani mtu akohoe. Akasema, "Nimesikia." Akageuka kuondoka.

Hapo, Dada, mpakiaji mmoja, mnene, ambaye hajawahi kusema kitu cha maana tangu nimjue, akasema breki ya toroli lile lile kubwa haishiki, na wiki iliyopita lilitaka kumbana ukutani. Mwingine akasema ngazi ya rafu inacheza. Fundi akasema kuna swichi ina shoti na anaogopa kuisema. Kazi ilianza kwa kuchelewa siku hiyo. Mlingoti alikuwa amefika getini. Nilimwona amesimama, amewapa mgongo, anasikiliza mpaka mwisho.

Mama Mizani ataanza kutembea na gongo. Nilimjibu swali lake. Akaniambia mlango ule ulimshika mara nyingi tu kabla ya siku hiyo, akadhani ni nguvu zake zinaisha, akaogopa kusema wasije wakamstaafisha. Ndiyo maana aliugeuza utani. Hakusema amenisamehe. Alisema nimwekee mto vizuri.

Mke wangu amerudi na mapacha. Asubuhi ya kwanza alimimina chai, akanywa yeye kwanza kwenye kikombe changu huku ananikazia macho, kisha akanipa. Niliinywa yote. Anakusalimu, na anasema ukija utazame vidole vyake tena, vimeota sugu kwa ajili ya ndugu yako.

Mlingoti huja Jumapili kuwaona mapacha. Wanampanda kama mti. Mimi na yeye tunasalimiana, tunaongea habari za mbao, za mvua, basi. Hukaa kibarazani. Akiitwa ndani kula anasema ameshiba, na sisi sote tunajua hajashiba. Kwetu hajala tangu siku nilipomnyooshea kidole. Simlazimishi. Lakini Jumapili iliyopita mke wangu aliniita jikoni, akaninong'oneza kwamba leo Mlingoti, alipopita kunawa mikono, amemuuliza kimepikwa nini.

Wako,
Kitindamimba